Sala ya kikao cha Jumatatu

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako imenikuta salama, na habari ya kuteuliwa kwako kuwa mkuu wa idara imetufurahisha sote hapa nyumbani. Mama alipiga vigelegele hata kabla sijamaliza kumsomea. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya lile swali uliloliweka mwishoni, kama kuna ubaya kufungua kikao cha watumishi cha kila Jumatatu kwa sala, ilimradi kila mmoja aambiwe kwamba ni ya hiari. Unanifahamu kuwa mtu wa sala, na nadhani ulitarajia nikuandikie kwamba uanze tu. Nimelitafakari kwa siku nyingi na nakusihi usianze.

Katiba yetu, katika Ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kuwa nchi isiyokuwa na dini, na Ibara ya 19 inasema kwamba kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni jambo la "hiari ya mtu binafsi", kisha inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Tumezoea kuyasoma maneno hayo kama kinga ya makanisa na misikiti yetu dhidi ya Serikali. Naomba uyasome tena ukiwa umekaa katika kiti chako kipya, kwa sababu kuanzia sasa, mbele ya watumishi walio chini yako, mamlaka hiyo ya nchi ni wewe.

Sijapata kukusimulia habari za ofisi ya umma niliyoanzia kazi. Mkuu wetu alikuwa mcha Mungu wa kweli, na kila Jumatatu saa mbili kamili alitualika tusali, akirudia kila mara kwamba asiyetaka yuko huru kubaki nje. Dereva wetu mmoja, aliyekuwa Mwislamu, alibaki nje ya mlango huku sisi tukisali kwa jina la Yesu. Baada ya "Amina", kabla mtu hajamkumbuka kumwita, mkuu alianza kugawa safari za wiki, na kama ujuavyo, safari ndizo zenye posho. Alipoingia, safari nzuri zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, naye hakulalamika hata siku moja, bali mwaka wa pili nilimwona ameingia, amesimama nyuma kabisa, ameinamisha kichwa pamoja nasi. Mkuu alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Mimi pia nilifurahi, na hadi leo naona aibu kwamba nilifurahi, kwa maana yule mzee hakuwa amebadili imani yake. Alikuwa na watoto wa kusomesha.

Umenitajia dua ya Bungeni. Ni kweli Spika huisoma mwanzoni mwa kikao, na humwomba Mwenyezi Mungu kwa maneno ambayo Mkristo na Mwislamu wote huyaitikia, na hata wimbo wetu wa taifa ni ombi kwa Mungu. Sina ugomvi na hayo. Mbunge ametumwa na wapiga kura wake, na Spika hamwandikii tathmini ya utendaji wala hampendekezei uhamisho. Wewe utawafanyia watumishi wako yote mawili.

Umenitajia pia yule kocha wa shule ya umma ya Bremerton, Marekani, aliyezoea kupiga goti na kusali katikati ya uwanja baada ya mechi, ambaye Mahakama ya Juu ilimpa haki mwaka 2022 kwa kura 6 dhidi ya 3. Umeisoma hukumu hiyo kama ushahidi wa upande wako, lakini itazame vizuri: majaji wengi walimpa haki kwa kuwa waliiona sala yake kuwa yake binafsi, aliyoisali wakati ambao wafanyakazi wengine nao walikuwa huru kufanya mambo yao. Kikao cha idara, chenye ajenda na mahudhurio, hakifanani na hapo. Tena katika kumbukumbu za kesi hiyo kuna mzazi aliyeeleza kwamba mwanawe alijiunga na sala, ingawa hakuamini, kwa kuogopa kupunguziwa nafasi ya kucheza. Niliposoma habari za mtoto huyo nilimkumbuka dereva wetu. Mahakama hiyohiyo, mwaka 1962, ilikuwa imekataa sala ya maneno 22 iliyotungwa na mamlaka ya elimu ya jimbo la New York, ingawa haikutaja dhehebu lolote na mtoto aliruhusiwa kunyamaza au kutoka nje. Majaji walisema kutunga sala za wananchi si sehemu ya kazi ya serikali.

Basi ufanye nini? Wanaotaka kusali wakutane kabla ya saa za kazi, katika chumba kingine, na asiongoze mtu yeyote mwenye cheo juu yao, na ukiwa mle ndani usihesabu nani amekuja. Usipange kikao cha Ijumaa kitakachoigusa saa ya swala, wala usimwite Msabato kazini Jumamosi kwa jambo linaloweza kungoja Jumatatu. Ukishika hayo, utakuwa umewasaidia watu kumwabudu Mungu kuliko sala yoyote ambayo ungeiongoza ukiwa umeshika faili la uhamisho mkononi. Wewe mwenyewe, usiache kusali kabla ya kuingia kikaoni; funga mlango wa ofisi yako, uombee kila jina lililo kwenye orodha yako, pamoja na wale wasiosali kama wewe.

Niandikie baada ya kikao cha kwanza, unieleze kilivyokwenda. Msalimie sana shemeji na watoto, na mama anasema hajasahau ile ahadi yako ya kuja Pasaka.

Wako daima katika sala,

Rafiki yako