Malalamiko kuhusu kuharibiwa kwa mmea wa welwichia katika matembezi ya Jangwa la Namib

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa miongoni mwa wateja walioshiriki matembezi ya miguu mliyoyaandaa ndani ya Hifadhi ya Namib-Naukluft, mashariki ya mji wa Swakopmund nchini Namibia, safari ambayo tangazo lenu lilieleza kuwa ni ya kutembea kati ya mimea ya kale tukiongozwa na mtu mwenye ujuzi nayo. Joto, vumbi na kuchelewa kuondoka siyalalamikii. Jangwa ni jangwa. Ninacholalamikia ni jinsi mwongozaji wenu alivyoitendea mimea ile ile tuliyolipia kwenda kuiona.

Tulipofika kwenye welwichia moja kubwa ya kike, iliyojaa koni za mbegu na wale wadudu wekundu wenye manjano wanaoishi juu yake, mwongozaji aliwaita wageni wapande juu ya shina ili awapige picha. Baadaye alilishika jani moja kwa mikono miwili na kulinyanyua atuonyeshe upana wake, nalo likapasuka pale pale linapochomoza kwenye shina. Nilipomwambia kwamba ameuumiza mmea, alicheka na kunijibu kuwa jani litaota tena.

Halitaota. Welwichia ina majani mawili tu ya kudumu maisha yake yote, na zile tepe nyingi zinazotapakaa juu ya changarawe ni majani hayo hayo mawili yaliyochanwa na upepo. Kwa kuwa jani hukua kutokea chini, kwenye ukingo wa shina, ncha yake inaweza kukauka au kuliwa na wanyama bila madhara makubwa, lakini sehemu ile changa ya chini ikiharibika hakuna jani jipya litakaloshika nafasi yake. Baadhi ya mimea hii inakadiriwa kuwa na umri unaozidi miaka 1,000, nayo imeishi muda wote huo mahali ambapo mvua ni ya nadra na ukungu wa Atlantiki ndio msaada wa karibu. Mtu anayelipwa kuwaongoza wageni alipaswa kuyajua haya kabla ya kumwita yeyote apande.

Lipo na suala la gari. Ili kutupunguzia mwendo (ingawa kutembea ndiko tulikokulipia), dereva aliacha barabara na kukatiza uwanda wa changarawe wenye kuvumwani, vile viumbe vinavyoshika mawe na kukua polepole mno. Kuendesha gari nje ya njia hairuhusiwi ndani ya hifadhi hiyo, na sababu yake inaonekana kwa macho: katika uwanda huo huo bado zipo alama za magurudumu ya mikokoteni iliyovutwa na ng'ombe zamani. Alama tulizoziacha sisi hazitafutika upesi.

Kwa hiyo naomba mnirudishie sehemu ya malipo inayohusu mwongozaji, kwa sababu huduma iliyotangazwa haikutolewa. Hata hivyo, fedha si jambo kubwa kwangu kuliko haya yafuatayo: kwamba mtoe taarifa ya tukio hili ninyi wenyewe kwa wasimamizi wa hifadhi, kwamba mwongozaji huyo asipewe kundi jingine mpaka afundishwe, na kwamba wageni waelezwe kabla ya kushuka garini kuwa hawaruhusiwi kugusa mmea wala kukanyaga udongo unaouzunguka, kwa kuwa mizizi yake myembamba imetanda karibu na uso wa ardhi. Watembezaji wengine wanalizingatia jambo hili bila shida yoyote, nami sioni kwa nini kampuni inayojitangaza kwa jina la mimea hii ishindwe.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha ya jani lililopasuka na picha ya njia ya gari. Naomba jibu la maandishi, si simu ya kuniomba radhi.

Wenu katika kufuatilia suala hili,
Mteja wenu