Aliyejeruhiwa akifa baada ya miaka, nani ameua?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Mtu amepigwa, au amechomwa kisu, au amepigwa risasi. Hakufa siku ile, bali ameishi miezi au miaka akiwa na madhara ya jeraha lile, kisha akafa. Je, aliyemjeruhi ameua, au atabaki kuwa mtu aliyejeruhi tu? Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimewahudumia watu waliovunjika uti wa mgongo na walioumia ubongo. Vifo vya namna hii nimevishuhudia, na nathubutu kusema kwamba haviji kwa ghafla wala kwa siri, bali hupita njia ambayo kila muuguzi wa wodi hizo anaijua.

Mtu aliyekatika uti wa mgongo hana hisia chini ya mahali palipokatika. Akilalia upande mmoja kupita kiasi hasikii maumivu ya kumfanya ajigeuze, ngozi ya makalio na visigino hukosa damu, na hapo huanza kidonda cha kulalia ambacho kisipowahiwa hufika mfupani. Kibofu chake hakijitawali, kwa hiyo mara nyingi huwekewa mpira wa mkojo, na mpira huo huo ndio mlango wa vijidudu. Maambukizi yakijirudia hupanda hadi kwenye figo, na siku moja huingia katika damu. Jeraha likiwa shingoni, misuli ya kupumulia hulegea, makohozi yakashindwa kutoka, nimonia ikafuata. Aliyeumia ubongo naye huweza kupatwa na kifafa, au kupaliwa na chakula kikaingia mapafuni. Kwa anayesoma cheti cha kifo peke yake haya ni maradhi ya kawaida, lakini kwa aliyemgeuza mgonjwa huyo kitandani usiku na mchana ni jeraha lile lile linaloendelea na kazi yake.

Sheria ilikuwa na jibu lake la zamani. Kwa karne nyingi mahakama za Uingereza zilishikilia kanuni ya mwaka mmoja na siku moja, kwamba mtu hahesabiwi kuwa ameua ikiwa aliyejeruhiwa amekufa baada ya muda huo kupita. Asili yake huhusishwa na Sheria ya Gloucester ya mwaka 1278, na katika karne ya 17 mwanasheria Edward Coke aliieleza sababu yake: muda huo ukipita, haiwezekani kutambua kama marehemu amekufa kwa pigo au kwa maradhi yaliyomjia yenyewe. Kanuni hiyo ilisafiri na utawala wa Kiingereza, na Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoirithi katika Kanuni zao za Adhabu. Scotland, iliyopakana na Uingereza yenyewe, haikuwa nayo kamwe, na sijapata kusikia kwamba haki iliharibika huko kwa kuikosa.

Sisemi kwamba Coke alikosea kwa zama zake. Tabibu wa wakati ule hakuwa na picha ya eksirei, wala maabara ya kuotesha vijidudu, wala namna ya kufuatilia mgonjwa mwezi hadi mwezi kwa maandishi, na kumnyonga mtu kwa kubahatisha ni dhambi kubwa kuliko kumwachia. Lakini sababu hiyo imekufa na kanuni imebaki hai mahali pengi. Leo mashine ya kupumulia na dawa za kuua vijidudu zinaweza kumweka hai, kwa zaidi ya siku 366, mtu ambaye zamani angekufa usiku wa kwanza, na madaktari wakaeleza kwa uhakika kwa nini hatimaye amekufa. Matokeo yake ni jambo ambalo lilikuwa likiniumiza kila nilipolifikiria nikiwa zamu: kadiri tulivyomtunza majeruhi kwa bidii, ndivyo tulivyomsogeza mshambuliaji wake mbali na shtaka la kuua. Kijana mmoja aliyechomwa kisu shingoni alikaa kwetu, akaenda nyumbani, akarudi, akafa mwezi wa 14. Mama yake, aliyemlisha kwa mkono wake muda wote huo, aliambiwa kwamba muda umepita. Aliniuliza kama kosa lake ni kumhudumia mwanawe vizuri mno. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Kesi kama hiyo ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Katika jimbo la Tennessee mtu alichomwa kisu Mei 1994, moyo wake ukasimama akiwa katika upasuaji, ukarudishwa, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kuharibika. Alikaa katika hali ya kutojitambua kiasi cha miezi 15, akafa kwa maambukizi ya figo. Mahakama ya juu ya jimbo hilo iliifuta kanuni ya mwaka na siku mwaka 1999 na kuiacha hukumu ya kuua isimame, na mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani ikaona, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mshtakiwa hakuonewa. Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kuifuta kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1996.

Wapo wanaoogopa kwamba kanuni ikiondolewa, mtu atawindwa maisha yake yote kwa kosa la ujanani. Hofu hiyo naiheshimu, na sitaki ipuuzwe. Huko Philadelphia polisi mmoja alipigwa risasi mwaka 1966 akapooza, na aliyempiga akatumikia kifungo kirefu. Polisi yule alipokufa mwaka 2007 kwa maambukizi ya njia ya mkojo, mzee huyo akashtakiwa upya, safari hii kwa mauaji. Mawakili wake walionyesha kwamba katikati ya miaka hiyo marehemu alipata ajali za gari na kuanguka kutoka kwenye kiti cha magurudumu, na mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Kwa maoni yangu kesi hiyo inathibitisha kwamba kufuta kikomo cha muda hakumaanishi kumtia mtu hatiani. Mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka yenye mashiko unabaki pale pale, na miaka ikizidi kupita unakuwa mzito kwa upande wa mashtaka.

Tena mahakama zina uzoefu wa kupima kama jeraha ndilo lililoua. Mwaka 1956 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilimwachia mtu aliyemchoma mwenzake kisu, kwa sababu kidonda kilikuwa karibu kupona na majeruhi akapewa tena dawa ambayo mwili wake ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba hauipokei. Miaka 3 baadaye, katika kesi ya askari aliyechomwa singe kambini, aliyeangushwa mara mbili wakati akibebwa kwenda kwa daktari na kutibiwa vibaya, mahakama ilikataa utetezi wa namna hiyo, kwa kuwa hadi anakata roho kidonda kilikuwa bado kinafanya kazi ya kumuua. Kipimo hicho kinatazama jeraha, hakitazami kalenda, nami naona ndicho kinachostahili kutumika hata kama kifo kimekuja baada ya miaka 10.

Kuhusu kuadhibiwa mara mbili, niseme kwa kifupi. Marekani iliamua tangu mwaka 1912 kwamba aliyekwisha kuhukumiwa kwa kujeruhi anaweza kushtakiwa kwa kuua majeruhi akifa baadaye, kwa kuwa kosa la kuua halikuwapo kabla ya kifo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1996 inataka kibali cha Mwanasheria Mkuu ikiwa kifo kimetokea zaidi ya miaka 3 baada ya jeraha, au ikiwa mtuhumiwa alikwisha kuhukumiwa kwa tukio hilo hilo. Naunga mkono kibali cha namna hiyo, na ningeongeza kwamba kifungo alichokwisha kukitumikia kihesabiwe chote katika adhabu mpya. Vilevile zipo kesi ambazo ni busara kuziacha. James Brady, msemaji wa Rais Ronald Reagan, alipigwa risasi ya kichwa Machi 1981 akafa Agosti 2014, na wachunguzi wa maiti wakasema ameuawa. Waendesha mashtaka hawakumshtaki mtu, kwani aliyempiga alikwisha kuonekana mahakamani kuwa hakuwa na akili timamu, na kanuni ya mwaka na siku ilikuwa bado inatumika Washington wakati wa tukio. Hata hivyo ukweli wa kifo chake uliandikwa.

Hapo ndipo penye uchungu wangu mkubwa, Ndugu Mhariri, kwa maana hata bunge likirekebisha sheria kesho, kesi nyingi zitakufa kwenye karatasi ya hospitali. Fomu ya kimataifa ya sababu za kifo inamtaka daktari aandike juu kile kilichomuua mgonjwa mwishoni, kisha ashuke hatua kwa hatua hadi kwenye ugonjwa au jeraha lililoanzisha mambo yote, pamoja na namna jeraha hilo lilivyopatikana. Mara nyingi nimeona mstari wa kwanza tu umejazwa. Cheti cha kijana niliyemtaja kiliandikwa nimonia, kisu hakikutajwa popote. Mwili ukizikwa na cheti kama hicho, hakuna uchunguzi wa maiti utakaofanywa, polisi hawataarifiwa, na jalada la shambulio litakuwa limefungwa au limetupwa pamoja na picha za eksirei ambazo zingeonyesha mfupa uliovunjika.

Kwa hiyo naziomba mamlaka za nchi ambazo bado zina kanuni hii ziifute na kuweka kibali badala yake, na majalada ya majeruhi wa kudumu yahifadhiwe muda wote majeruhi angali hai. Madaktari na wauguzi wenzangu walio kazini nawaomba waanze leo na ile mistari ya chini ya fomu, kwa kuwa kuijaza hakuhitaji kungoja bunge.

Wako,
Muuguzi mstaafu