Barua kwa vijana mnaoandika hadithi za anga

Wanangu,

Miswada yenu naisoma na naifurahia, ila mna haraka ya kuua. Mhusika akitupwa nje ya chombo bila vazi, mnamgandisha papo hapo au mnampasua kama puto. Ombwe halina hewa ya kumpokonya mtu joto, kwa hiyo hagandi ghafla. Fahamu humtoka baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi, na akibana pumzi mapafu yatachanika. Sekunde hizo zinajaza ukurasa mzima, mbona mnazitupa?

Kisa ninachokipenda ni cha Julai 16, 2013. Luca Parmitano, Mwitaliano, alikuwa kazini nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, akahisi unyevu kisogoni. Ndani ya vazi lile mna maji yanayopita kwenye vijibomba ili kumpoza mvaaji. Uchafu uliziba mahali, maji yakaingia njia ya hewa. Huku duniani yangemtiririka shingoni yakaishia hapo. Kule hayana pa kushukia: yakamnata kichwani, yakatambaa hadi machoni, yakaziba pua, yakaingia masikioni. Jua nalo likazama. Haoni, hasikii vizuri, wala hawezi kutia mkono ndani ya kofia ajipanguse. Alirudi mlangoni kwa kupapasa, akifuata kamba yake ya usalama. Maji yenyewe? Kama lita moja na nusu tu.

Na utamu wa kisa (mnisamehe, ndivyo tulivyo watunzi) ni kwamba wiki moja kabla, maji yalishaonekana katika kofia yake. Ikadhaniwa mfuko wa maji ya kunywa umevuja. Mtunzi mwenye jicho angeanzia siku ile ya mfuko, wala asingehitaji kimondo.

Basi kabla ya sura ya kwanza, pigeni hesabu. Mtu mmoja hutumia karibu gramu 840 za oksijeni kwa siku na kutoa takriban kilo 1 ya kabonidioksaidi. Katika Apollo 13, chombo cha Wamarekani kilichoharibika njiani kwenda Mwezini Aprili 1970, oksijeni ya kupumua ilikuwapo. Kabonidioksaidi waliyoitoa wanaanga wenyewe ndiyo iliyokuwa inawamaliza. Vichujio vya akiba vya kuisafisha hewa vilikuwa vya mraba, matundu ya kuvitia ni ya duara. Wakaviunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo na utepe wa gundi, vitu walivyokuwa navyo tangu mwanzo. Wengi wenu mngewaokoa kwa mtambo ambao haukutajwa popote katika sura zilizotangulia.

Tena, mhusika aliye Mirihi msimpigishe soga na mama yake kana kwamba yuko Morogoro. Ujumbe huchukua dakika 3 hadi 22 kwenda tu, kutegemea sayari zimekaa vipi. Mama akiuliza "Umekula?", jibu linaweza kumfikia baada ya dakika 40, naye ameshatuma maswali mengine matano. Kaandikeni upya mazungumzo hayo, kisha mniletee.

Ni mimi mzee wenu.