Ukifika Cardhu, uliza habari za Elizabeth

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na za watoto pia. Umeniambia mwezi ujao mtapanda kutoka Glasgow hadi bonde la mto Spey kwa sababu shemeji anataka kuona viwanda vya wiski. Tafadhali usibaki kwenye gari. Pale Knockando kuna kiwanda kinaitwa Cardhu, na waliokisimamisha ni wanawake wawili, ingawa sehemu kubwa ya wiski yake huishia ndani ya chupa za Johnnie Walker.

Mwaka 1811 John Cumming alikodi shamba la Cardow, jina la zamani la Cardhu. Mpishi hasa wa wiski alikuwa mkewe, Helen, tena bila leseni, kama majirani wengi waliolemewa na ushuru. Maofisa wa ushuru walipokuja kukagua walifikia kwake, maana karibu hapakuwa na nyumba ya wageni. Inasimuliwa kwamba akiwaona kwa mbali alificha vyombo, akajipaka unga mikononi na kuwapokea kama mtu aliyekuwa akikanda mkate, ili ile harufu ya kimea kilichochachuka isiwashtue. Wakishaketi kula, anapita nyuma na kupandisha bendera nyekundu juu ya ghala. Bonde zima linaficha mali yake. Hapo ndipo ninapompenda: aliwakinga hata waliokuwa wakishindana naye sokoni.

Sheria ya 1823 ikapunguza mzigo wa ushuru, na 1824 wakakata leseni.

Sasa Elizabeth, mkwe wa Helen. Mumewe Lewis alifariki 1872, akamwachia kiwanda na watoto wadogo. Angeweza kuuza akapumzika. Badala yake, katikati ya miaka ya 1880 alijenga kiwanda kipya jirani na kile kilichochakaa, na mitambo ya zamani, pamoja na ile mitungi ya shaba, akamuuzia William Grant aliyekuwa anaanzisha Glenfiddich. Yaani kiwanda hicho maarufu kilianza na vyombo vya mama huyu! Mwaka 1893 aliiuzia kampuni ya John Walker & Sons, wenye Johnnie Walker, kiwanda cha Cardow, kwa sharti kwamba mwanawe aingie kwenye bodi.

Helen utamwona, picha yake na bendera imekuwa nembo pale. Elizabeth ndiye usiyekubali wampite haraka. Waulize, kisha uniandikie walichokujibu.

Msalimie shemeji.

Wako,
Mwanaidi