Tuambie Kabla Hatujapanda Basi: Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Ratiba ya Ligi Kuu

Kwa kiongozi mwenye dhamana ya ratiba ya Ligi Kuu Tanzania Bara,

YAH: MECHI YA WATANI KUAHIRISHWA SIKU YENYEWE YA MECHI

Mheshimiwa, salaam.

Mimi ni shabiki wa Simba, mkazi wa Iringa mjini, nauza vipuri vya pikipiki. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Tumelizungumza wee pale kijiweni kwetu Mashine Tatu, birika linachemka, kashata zinapita, Simba upande huu na Yanga upande ule. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kukaa kwenye lile benchi, pande zote mbili zimesema neno moja. Ukiona hivyo ujue limetuuma kweli.

Ijumaa ya tarehe 7 Machi 2025 tuliondoka Iringa saa mbili usiku kwa basi la kukodi, kwenda Dar es Salaam kwenye mechi ya watani, Simba na Yanga, ya kesho yake. Tulichanga elfu sabini kila mtu, kwenda na kurudi, na wengine tulianza kuchanga tangu Januari, elfu tano tano. Simba tulikaa mbele, Yanga walikaa nyuma, basi moja, maana tungekodi mawili tusingeyajaza. Kitonga nzima tuliteremka kwa kelele. Wale wa nyuma hawana wimbo mwingine tangu Novemba 2023 isipokuwa ule wa tano kwa moja walizotufunga. Sisi tukawajibu kwa tano bila za Mei 2012. Ndivyo tulivyolelewa. Asiyejua utani wetu angedhani tutashikana mashati kabla ya kufika Mikumi, kumbe chupa ya maji inatoka siti ya nyuma inafika kwa dereva bila mtu kuuliza ni ya nani.

Tulisimama Msamvu, Morogoro, saa tisa usiku, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa wamefunga, ili wapate daku. Wali kwa maharage, chai ya rangi. Hapo ndipo simu zilipoanza kulia, moja baada ya nyingine. Simba imetoa taarifa: jioni ile imezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, na kwa hiyo haitapeleka timu. Mheshimiwa, sijawahi kuliona kundi la watu hamsini wa Simba na Yanga likiwa kimya namna ile. Mmoja alikuwa ameshika kijiko, hakukipeleka mdomoni, hakukirudisha kwenye sahani. Dereva akaja, akauliza swali moja tu: "Twende au tugeuze?"

Tulijadiliana pale chini ya taa ya kituo. Wa Yanga walisema lazima twende, timu yao itafika. Sisi wa Simba tulisema twende pia, kwa sababu klabu ndiyo iliyosema, mwenye ligi hajasema. Tulikuwa na imani hiyo, Mheshimiwa. Tuliamini kwamba mechi ya Simba na Yanga hufutwa na wewe, na kama ungekuwa unataka kuifuta ungetuambia tukiwa bado Msamvu.

Tukaenda. Siku nzima ya Jumamosi tulikaa Temeke kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Kila aliyefungua simu alikuwa na habari yake. Karibu na uwanja kulikuwa na mama mmoja aliyeandaa vitu vya futari: mihogo, sambusa, uji wa pilipili manga kwenye ndoo mbili kubwa zilizofungwa vitambaa. Alijua mechi ni usiku na waliofunga wangefuturu pale pale nje kabla ya kuingia. Aliniambia mtaji ni wa kikoba, marejesho ni Jumatatu. Mchana huo ikaja taarifa kwamba mchezo umeahirishwa. Timu ya Yanga ilikuja uwanjani hata hivyo. Simba haikuja. Yule mama alianza kuuza sambusa kwa nusu bei, halafu akawa anagawa tu.

Nilikuwa na mpwa wangu, ana miaka 13, hajawahi kuuona uwanja ule kwa macho. Nilimwahidi akishika nafasi ya kumi bora darasani nitampeleka. Alishika ya saba. Alisimama kwenye uzio, akashika vyuma kwa mikono miwili, akaniuliza: "Mjomba, kwa hiyo hawaji?" Nikamwambia hawaji. Akauliza, "Sasa nani ameshinda?" Nilishindwa kumjibu, na hadi leo naandika barua hii sijapata jibu la kumpa mtoto.

Sasa nisikilize kwa upole, maana nitasema na kitu kisichopendwa na watu wangu wa Msimbazi, yaani wa Simba.

Kanuni inampa mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi siku moja kabla, na mara hii mwenyeji alikuwa Yanga, mgeni Simba. Kama Simba walizuiwa getini, walikosewa, na aliyewazuia alistahili adhabu, awe nani. Hilo nalisema kwa sauti. Lakini dawa ya kukosewa ni kukata rufaa, uingie uwanjani ukacheze huku rufaa yako iko mezani. Timu ikikataa kucheza, kanuni zina adhabu yake, na mwenye kijiwe chetu, mzee wa Yanga, ana haki ya kusema timu yake ilifika ikamkosa mpinzani. Kama siku ile mngeamua kwamba Simba imekosa pointi tatu, ningeumia mpaka nikose usingizi, lakini ningerudi Iringa najua nimefungwa na kanuni. Kama mngeamua kwamba Yanga ndio waliofunga geti na wao ndio waadhibiwe, wale wa siti za nyuma wangelia, na wao wangerudi wakijua. Uamuzi wowote kati ya hiyo ungetushusha kwenye basi tukiwa watu wazima. Kuahirisha hakukumwadhibu aliyezuia geti wala aliyekataa kucheza. Kulituadhibu sisi tuliolala kwenye kiti usiku kucha, na yule mama wa sambusa.

Na si mara ya kwanza. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ilikuwa saa kumi na moja jioni, siku hiyo hiyo ikasogezwa hadi saa moja usiku. Yanga wakashikilia kwamba muda haubadilishwi namna hiyo siku ya mechi, wakaja saa kumi na moja, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda mpya. Watu wako majukwaani, timu mbili zimepishana kama mabasi ya Ubungo. Mechi ikaja kuchezwa tarehe 3 Julai, Yanga wakatufunga moja bila, bao la Zawadi Mauya. Miaka minne baadaye tumerudi mlemle. Na mara zote mbili ilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, watu wamefunga, wametembea juani, wamebeba tende mfukoni wakifuturu uwanjani. Hilo la Ramadhani sijasikia kiongozi yeyote akiligusa, nami linaniuma sana, kwa sababu mtu aliyefunga hana nguvu za kuzungushwa.

Labda ukiwa ofisini unaiona mechi hii kama mstari mmoja kwenye ratiba. Sisi tunaiona hivi. Yanga ni ya 1935, Simba ya mwaka uliofuata, ilikuwa ikiitwa Sunderland mpaka 1971. Marehemu baba yangu alikuwa kijana pale mjini Julai 1977, siku Simba ilipoifunga Yanga sita bila na Abdallah Kibadeni akapiga matatu peke yake. Baba hakuwa na picha ya harusi yake, lakini bao la Kibadeni alikuwa anaweza kukuonyesha kwa vikombe vya chai: huyu beki, huyu kipa, huyu Kibadeni, kikombe kinapita katikati. Mimi nina ya kwangu, Oktoba 2013, mapumziko tuko chini tatu bila, watu wa Yanga wanatupigia simu za rambirambi, na mpira ukaisha tatu tatu. Nilikuwa kibanda umiza, nilipoteza kiatu kimoja na sikukitafuta. Mpwa wangu yeye ana uzio.

Nikwambie na lingine, maana hili nadhani halikufikii huko juu. Utani wenyewe umebadilika tangu Machi ile. Zamani mkifungwa unaletewa sanda ya karatasi dukani, unacheka, unaificha, ukisubiri zamu yako. Siku hizi mtu akianza, wa pili hajibu kwa utani, anajibu kwa tuhuma: mmebebwa, ratiba ni yenu, mamlaka ni yenu. Yanga wanasema mnailinda Simba. Simba tunasema mnawaogopa Yanga. Mimi siamini kwamba umenunuliwa na mtu, na huwa nawaambia hivyo. Lakini nikiulizwa basi kwa nini iliahirishwa, sina karatasi ya kuwaonyesha. Palipokosekana maelezo kila mtu hujaza ya kwake. Vijana wawili wa kijiweni, mmoja ni shemeji wa mwenzake, walishikana kweli mwezi Aprili, si kwa bao, kwa kanuni ya mazoezi. Sijawahi kuona watu wakipigana kwa ajili ya kanuni.

Mechi ikapangwa tarehe 15 Juni, ikasogezwa tena, ikachezwa Jumatano ya tarehe 25, waamuzi wakiwa wametoka Misri. Yanga wakashinda mbili bila, Pacôme Zouzoua kwa penalti na Clement Mzize, wakabeba ubingwa wa nne mfululizo. Walistahili, nawapa mkono. Basi letu halikwenda. Nilipita na daftari la michango siku tatu, nikapata majina tisa. Si kwamba watu hawana mapenzi, wala hela zenyewe siyo tatizo, wengine walizitumia kwenye jezi wiki hiyo hiyo. Walisema, "Tukifika Msamvu itakuwaje?"

Ndiyo maana nakuomba, Mheshimiwa. Getini siku ya mazoezi asikae mtu wa Simba wala wa Yanga. Akae mtu wako, mwenye kitambulisho chako na orodha ya saa, mgeni akifika amfungulie na aandike amefika saa ngapi. Ugomvi wote wa Machi ulianzia kwenye geti moja. Geti moja, Mheshimiwa! Mechi inayovuta nchi nzima, watu wa Mwanza, watu wa Songea, wengine wanavuka mpaka kutoka Kenya na Kongo kuja kuangalia, inakwama kwa sababu hakuna anayeeleweka kuwa na ufunguo.

Mpe muda wa mwisho kila mwenye kulalamika, na wewe mwenyewe ujiwekee wa kwako. Ukipita huo, mechi ipo, asiyetokea apambane na kanuni. Na ukilazimika kuahirisha kwa jambo la msiba au usalama wa watu, ambalo hakuna wa kulipinga, basi taarifa hiyo hiyo iseme tiketi zetu zinakuwaje, ziwe halali kwa tarehe mpya au hela irudi kwa njia ile ile tuliyolipia, isiwe tunasubiri wiki tukisomeana tetesi. Iseme pia sababu, kwa Kiswahili cha kawaida, na namba ya kanuni iliyotumika. Tunazisoma, usidhani hatuzisomi. Mzee wa kijiwe ana nakala ya kanuni za ligi aliyochapisha steshenari, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu.

Ukiweza, mechi hii ipangwe nje ya Ramadhani. Ikishindikana, muda wake usiguswe tena baada ya kutangazwa, na milango ifunguliwe mapema ili mtu afuturu akiwa ameketi.

Mechi nyingine ya watani inakuja. Daftari la michango liko kwenye droo ya duka langu, jina la kwanza ni la mpwa wangu, la pili langu, la tatu la mzee wa Yanga ambaye ameandika kwa herufi kubwa. Mwenye basi hupokea malipo siku mbili kabla ya safari, Alhamisi, mwisho saa kumi jioni, na akishapokea harudishi. Kama kuna neno lolote juu ya mechi hiyo, naomba tulipate kabla ya saa kumi hiyo.

Wako katika mpira,
Shabiki wa Simba, kijiwe cha Mashine Tatu,
Iringa