Mawimbi ya "mita 2" si mita 2

Mhariri,

Kila alfajiri kabla ya kufungua kamba nafungua kwanza ukurasa wenu wa hali ya bahari. Naukuta mstari ule ule, upepo ukipimwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa: "Upepo noti 15, mawimbi mita 2." Sisemi mstari huo ni wa uongo. Nasema ni mfupi mno, na ufupi wake unawaponza hasa vijana waliokabidhiwa usukani juzi.

Hizo mita 2 si kimo cha kila wimbi, wala si ukomo. Watabiri huchukua theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa, na kutoa wastani wake. Mengi yatakuwa chini ya hapo. Lakini ukikaa baharini saa kadhaa, tegemea moja linalokaribia mita 4, na likija usiseme bahari imechafuka ghafla. Lilikuwemo ndani ya hesabu tangu asubuhi.

Halafu kuna sekunde kati ya wimbi na wimbi, ambazo hamziandiki kabisa. Kwenye maji ya kina, mawimbi yanayopishana kwa sekunde 12 yana kama mita 225 kutoka kilele hadi kilele. Chombo hupanda na kushuka taratibu, hata chai haimwagiki. Yakipishana kwa sekunde 5, nafasi hiyo ni kama mita 39 tu: omo, yaani mbele ya chombo, haijamaliza kushuka, jingine limeshafika. Mita ni zile zile 2. (Ila yale marefu nayo yasikulaghai, maana yakifika kwenye maji mafupi ya fungu hunyanyuka na kuvunjika vibaya.)

Niliwahi kurudi siku ambayo gazeti lilisema mita moja na nusu, na huko nje ilikuwa kweli mita moja na nusu. Nikafika mlangoni mwa ghuba maji yakiwa yanakupwa, tena ya bamvua, yanapokupwa kwa nguvu zaidi, na upepo unavuma kuingia ndani. Mkondo unatoka, mawimbi yanaingia. Pale mawimbi yalijikunja yakawa mafupi, yamesimama kama kuta. Moja likatuinua tezi, yaani nyuma ya chombo, rafadha (panga la injini) ikatoka majini, injini ikapiga kelele, na usukani ukawa mwepesi mkononi kama haukufungwa na kitu. Chombo kikaanza kugeuza ubavu. Kijana wangu alikuwa amekumbatia sanduku la barafu kwa mikono miwili, kumbe ndoo ya kukumbia maji ilikwisha kwenda. Tuliingia, ngama, maji yaliyojaa chomboni, imetufika vifundoni. Utabiri haukukosea hata kidogo. Nahodha ndiye aliyekosea saa, nami sikatai, lakini saa za maji zingekuwa kando ya zile mita ningeziona nikiwa bado gatini.

Upepo nao ni hivyo hivyo. Noti 15 ni wastani. Dharuba, ile mivumo ya ghafla, zaweza kuuzidi kwa asilimia 40, yaani noti 21. Mtu atasema noti 6 ni kitu gani? Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo dharuba hiyo inakusukuma karibu mara mbili.

Ombi langu basi: ongezeni sekunde za mawimbi, upande yanakotoka, kasi ya dharuba, na saa za maji kujaa na kupwa. Na tafadhali andikeni saa utabiri ulipotolewa. Gazeti huchapwa usiku, sisi hulisoma alfajiri, wengine hulikunja na kulisoma tena jioni wakidhani ni habari za jioni.

Mkisema nafasi haitoshi, ipo. Ondoeni kile kijua kinachocheka.

Nahodha wa mashua ya uvuvi