Kiswahili si zawadi ya Amin

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Kiswahili hapa Jinja, na haupiti mwaka bila mwanafunzi kuniuliza: "Mwalimu, si Idi Amin ndiye aliyetupa lugha hii?" Zamani waliuliza kwa kutaka kujua. Siku hizi swali linakuja na majibu yake, yametoka kwenye simu: alianzisha shirika la ndege mwaka 1976, aliwapa Waafrika maduka, hakuwaogopa Wazungu. Na wasomaji wako kadhaa wameandika hayohayo. Naomba nafasi nijibu.

Ni kweli, mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na redio ikaanza kukitumia. Ila mimi nilikuwa shule ya msingi miaka hiyo na sikumbuki kuona hata kitabu kimoja cha Kiswahili darasani. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa askari wa kizuizi cha barabarani.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tunatoka Kampala kwa basi, mama na mimi, tukasimamishwa karibu na Lugazi. "Toka yote! Kuja hapa! Wewe mama, kitu gani hii?" Ndani ya kikapu, chini ya nguo, mlikuwa na kilo moja ya sukari aliyoinunua kwa magendo. Lugazi, Mhariri, penye kiwanda cha sukari na mashamba ya miwa pande zote, na mama anaificha sukari kama bangi! Askari aliichukua. Mama hakujua Kiswahili ila neno moja, akapiga magoti kwenye lami na kulitamka: "Asante." Akalirudia mpaka tukaambiwa tupande basi. Sasa ni mzee sana, na nikisahihisha madaftari kwa sauti bado huniomba nisome polepole.

Hicho ndicho Kiswahili tulichoachiwa. Waulize wazee wa Busoga na Buganda maneno waliyoyashika enzi hizo, watakutajia magendo, na mafuta mingi, jina la wale waliogawiwa maduka baada ya Wahindi kupewa siku 90 waondoke mwaka 1972. Maduka hayo hawakupewa "Waafrika". Mengi walipewa wanajeshi na watu wao, wakauza shehena waliyoikuta, kisha rafu zikabaki tupu. Na Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, wazazi walinijia wakisema hawataki watoto wao wafundishwe lugha ya askari. Nusu karne imepita, na bado nalipa deni la yule askari wa Lugazi.

Yaliyompata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa mahakamani Septemba 1972 asionekane tena, na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 tukaambiwa ni ajali ya gari, yanajulikana. Wa kwetu hajulikani. Baba mdogo alichukuliwa mwaka huohuo wa 1977 na wanaume wanne waliokuja na gari. Baiskeli yake ilibaki imeegemea ukuta wa duka karibu wiki tatu, hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwishowe babu alikwenda kuichukua. Aliikokota maili sita mpaka nyumbani, hakuipanda. Kaburi hatuna.

Nina mwanafunzi mmoja wa Arua, na nisingependa asome barua hii akadhani namsema yeye. Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile, eneo la Arua na kwao Amin, waliadhibiwa kwa makosa ya mtu mmoja na jeshi lake. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, na mwaka 1981 raia waliuawa pale misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Babu yake huyo kijana alikuwa mkulima tu. Nyumbani kwao Amin anasifiwa kwa sababu wametukanwa kwa jina lake miaka yote, na mimi naielewa hasira hiyo kuliko anavyofikiri. Lakini waliouawa Ombaci na waliotoweka Jinja wote ni wetu, na kumsifu Amin hakumrudishii babu yake heshima.

Mwaka 2023 lilipoletwa wazo la taasisi ya kumkumbuka Amin, Rais alilikataa. Niliunga mkono. Ila kukataa pekee hakutoshi. Luwum ana siku yake, 16 Februari, tangu 2015, na anastahili. Wenye baiskeli je?

Amin mwenyewe aliunda tume mwaka 1974, chini ya Jaji Mohammed Saied, ichunguze watu waliotoweka. Wajumbe wake walisikiliza mashahidi, wakaorodhesha visa zaidi ya 300, na ripoti ikafichwa. Wanaosema habari hizi zilitungwa na mabeberu waanze na hiyo, maana aliiagiza yeye. Iwekwe katika maktaba za shule, kwa Kiingereza, kwa Luganda, kwa Lugbara na kwa Kiswahili. Jina la baba mdogo halimo, alichukuliwa miaka mitatu baadaye. Bado nataka isomwe. Tafsiri ya Kiswahili niko tayari kuifanya mwenyewe bila malipo, nianze likizo ijayo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Jinja, Uganda